Grainda Kwenye Stendi, Drili Juu ya Meza: Inapokataa Kazi, Tatizo Liko Wapi?

Jumamosi moja asubuhi kijana wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alibisha geti, kabeba grainda, ile mashine ya mkononi ya kukatia chuma, ndani ya kiroba cha unga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Mashine imekufa. Nimeinunua mwezi wa pili tu. Nimeifunga kwenye stendi nikate skweapaipu (bomba za mraba) za grili, inakata mshazari, inanguruma, halafu inanuka. Naomba unielekeze kwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota."

Nikaichomeka kwenye soketi, nikaishika kwa mikono miwili, nikaiwasha. Ikalia safi kama siku ilipotoka dukani. Mota haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye stendi aliyoiacha nyumbani, na kwenye ekstensheni nyembamba ya mita 30 aliyoivuta kutoka sebuleni hadi chini ya mwarobaini.

Kisa cha namna hii nimekutana nacho mara nyingi. Mji unajengwa, kila mtaa kuna anayetaka grili, kabati au geti, na wengi wetu hatuna fedha ya mashine ya mezani ya kukatia chuma, wala drili ya kusimama, wala mashine ya kukerezea mbao. Kwa hiyo tunakwenda Sabasaba au Majengo, tunanunua grainda na drili za bei ya chini, tunazifunga kwenye stendi na kuzifanyisha kazi za wakubwa wao. Inawezekana kabisa. Mimi karakana yangu yote ya nyuma ya nyumba iko hivyo. Lakini ujue kwamba mashine ya mkononi ilibuniwa ishikwe kwa namna fulani, isukumwe kwa upande fulani, ivute upepo wa kujipoza bila kizuizi, na vumbi lake lianguke mbali nayo. Ukiifunga kwenye stendi umebadilisha karibu yote hayo kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza, kabla ya kununua kipuri chochote, ni hiki: ing'oe kwenye stendi, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, iwashe ukiwa umeishika. Tabia mbaya ikipotea, tatizo liko kwenye stendi, meza au waya. Ikibaki, hapo sasa fungua mashine. Dakika tatu tu, na zitakuokolea fedha ya kusukia mota isiyo na ugonjwa.

Grainda ya stendi inakata mshazari

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vinne vinavyofanana kwa sura.

Anza na pini, ile bawaba inayobeba mkono wa stendi. Zima, chomoa waya, shika mkono wa stendi karibu na jiwe, yaani kile kisahani kinachozunguka na kukata, uusukume kushoto na kulia. Ukisikia "ko-ko", pini inacheza ndani ya tundu lake. Stendi nyingi za bei nafuu zina tundu lililotobolewa kwenye bati tupu, bila bushi, yaani bomba fupi la kuvalisha tundu. Toa pini hiyo, panua tundu kidogo, weka bolti nzima ya milimita 10 au 12 yenye shingo laini isiyo na nyuzi mahali inapozungukia, washa (zile pete bapa za chuma) pande zote mbili, na nati mbili zinazokazana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye subira zaidi atatafuta beringi mbili kuukuu za namba 608, zenye tundu la milimita 8, na kumwomba mchomeleaji azifungie vikombe vya bomba. Yangu iko hivyo tangu mwaka juzi, na haijacheza.

Kama pini ni imara, tazama sahani ya chini. Bati la milimita mbili linapinda ukilikandamiza, na kila likipinda jiwe linalala. Dawa ni kuifunga stendi nzima juu ya ubao mzito au sahani ya chuma nene, kwa bolti nne, siyo skrubu za mbao.

Chanzo cha tatu ni mpangilio. Grainda hushikwa na stendi kwenye matundu ya mpini wa pembeni, na matundu hayo hayakutobolewa kwa ajili ya usahihi. Weka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya sahani ya chini, iguse uso wa jiwe, rekebisha mpaka hakuna mwanga unaopita kati yake na jiwe. Halafu laza skwea ubavuni, ipime na kile kizuizi cha nyuma ambacho pipe huegemea. Watu wengi hupima mara moja tu, wima, wakashangaa kona za fremu hazikutani.

Kuhakikisha, kata kipande cha skweapaipu ya milimita 40, kisha geuza nusu moja juu-chini na uzikutanishe ncha mbili zilizokatwa juu ya meza iliyonyooka. Mwanya utakaouona ni kosa lako mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo litajionyesha. Mwanya ukiwa milimita moja, rekebisha nusu milimita.

Chanzo cha nne ni mkono wako mwenyewe. Jiwe la kukatia la milimita moja ni laini kama kadi, linapinda ukilisukuma. Ukiwa umeshika grainda unaisikia ikilalamika, unapunguza. Kwenye stendi kuna mpini mrefu, na mpini mrefu ni wenzo: unabonyeza kwa kidole, jiwe linapokea uzito wa mkono mzima. Acha uzito wa grainda wenyewe ufanye kazi, wewe uongoze tu. Kwa kazi za stendi mimi hutumia jiwe nene kidogo, la milimita 1.6 au 2. Linakula chuma zaidi na lina kelele zaidi, lakini linakwenda wima.

Jiwe linatetemeka, au linabanwa katikati ya mkato

Mtetemo wa ghafla baada ya kubadilisha jiwe mara nyingi ni suala la tundu. Madukani kuna grainda za inchi 4 na za inchi 4 na nusu, zinafanana kama mapacha. Ile ya inchi 4 huwa na shafti ya milimita 10, na mawe yake yana tundu la milimita 16. Ya inchi 4 na nusu ina shafti ya milimita 14, na mawe yake yana tundu la milimita 22. Ukiweka jiwe la tundu la 22 kwenye flenji (ile sahani ya chuma inayoshikilia jiwe kwenye shafti) ya 16 halikai katikati, linaegemea upande mmoja, na kwa mizunguko 11,000 kwa dakika hata nusu milimita inatosha kuitikisa meza. Kuna wanaojaza nafasi hiyo kwa utepe au bati. Usifanye hivyo. Nunua jiwe la saizi yake, au flenji sahihi.

Kama saizi ni sawa, fungua nati uone flenji haijapata uchafu au mkunjo, kisha soma tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya jiwe. Ndiyo, mawe ya kukatia yana mwisho wa matumizi, huandikwa mwezi na mwaka. Gundi inayoshikilia chembechembe zake huchoka, na unyevu huiharakisha. Mawe yaliyolala misimu kadhaa kwenye banda linalovuja masika hayana nafasi kwangu hata kama yanaonekana mapya.

Hapa niseme jambo ambalo sina mjadala nalo. Mtu akiona stendi inamzuia kukata bomba nene, wazo linalomjia ni kuondoa kinga, lile bati linalofunika jiwe, na kufunga jiwe kubwa la inchi 9. Piga hesabu: jiwe la milimita 230 kwenye mashine ya mizunguko 11,000 ukingo wake unakwenda takribani mita 132 kwa sekunde. Mawe ya kawaida yametengenezwa yasizidi mita 80 kwa sekunde. Mashine yake halali huzunguka kama mara 6,500 tu. Jiwe hilo litapasuka, na bila kinga vipande vinakwenda usawa wa uso na tumbo.

Kubanwa nako ni habari nyingine. Jiwe linaingia vizuri, linafika nusu ya pipe, linakwama kwa kishindo. Tazama pipe imeegemea nini. Ukiweka tegemeo pande zote mbili, pipe hujipinda kuelekea chini katikati na mkato hujifunga juu ya jiwe kama mdomo. Bana upande mmoja tu. Upande mrefu uwekewe kigingi cha kimo kile kile cha stendi, upande unaokatika uachwe huru udondoke wenyewe. Kigingi changu ni debe la rangi lililojazwa zege na bomba limesimama katikati. Halivutii macho, lakini halihami.

Nguvu inapungua kadiri kazi inavyoendelea

Hili ndilo lililomwangusha yule kijana, nje ya ule mshazari. Umeme wetu ni volti 230 ukiwa mzima. Ekstensheni za bei rahisi nyingi zina waya wa milimita za mraba 0.75. Vuta mita 30, ambazo kwenda na kurudi ni mita 60 za shaba, utapata upinzani wa kama omu 1.4. Grainda ikivuta ampea 7 unapoteza karibu volti 10 njiani. Hizo ni za mwendo wa kawaida. Wakati wa kuwaka, au jiwe linapokandamizwa, mkondo hupanda mara kadhaa na upotevu hupanda nao. Na hapo nimehesabia shaba halisi. Waya nyingine ni alumini iliyopakwa shaba juu, na hizo ni mbaya zaidi. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umejua.

Mota ikikosa volti inapunguza mwendo. Ikipunguza mwendo, feni yake iliyo kwenye shafti ile ile inapunguza upepo. Wewe unaona inakata polepole, unabonyeza zaidi, inavuta mkondo zaidi, inapata joto zaidi huku upepo ukizidi kupungua. Baada ya hapo ni harufu.

Kwa karakana ya nyumbani tumia waya wa milimita za mraba 2.5, mfupi kadiri inavyowezekana. Na ukunjue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu unajipasha moto wenyewe, nimeuona ukiyeyuka plastiki ukawa gogo moja. Mwenye maltimita, kile kipimo cha umeme, apime volti kwenye soketi ya mwisho huku mashine ikiwa kazini, siyo ikiwa imezimwa. Zikishuka chini ya 200, simamisha kazi. Jioni ambapo nyumba nyingi zinapika huenda ukaona hivyo hata waya ukiwa mzuri, basi kata chuma asubuhi.

Drili kwenye stendi: shimo linakuwa yai

Shingo ya drili nyingi ni ya milimita 43, na stendi hubana hapo. Drili za bei ya chini mara nyingine shingo yake ni nyembamba kidogo, tena ya plastiki, kwa hiyo ukikaza bado inazunguka au inapiga kichwa. Usijaze kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kama wengi wafanyavyo, mpira unanyumbuka na biti, ile ncha ya kutobolea, inatangatanga. Kata ukanda wa bati la kopo, zungusha mara moja au mbili, kaza.

Halafu angalia kitufe cha nyundo. Drili ya kutobolea ukuta ikiwa kwenye alama ya nyundo itatoa mlio wa "trrrr" ukiikandamiza, na shafti inaruka mbele na nyuma. Kwa chuma na mbao irudishe kwenye alama ya biti. Ni kosa la kitoto, nami nimelifanya nikiwa na mvi.

Kama hayo ni sawa, funga kwenye chaki, kile kichwa cha drili chenye taya za kubana, biti mpya iliyonyooka, zungusha taratibu kwa mkono ukiitazama ncha dhidi ya alama ya kalamu. Ncha ikichora duara badala ya kubaki nukta, ama biti imepinda ama taya za chaki hazibani sawa. Fungua, igeuze biti theluthi ya mzunguko, kaza tena kwa kuzungushia ufunguo matundu yote matatu ya chaki, siyo moja tu. Mara nyingi hilo linatosha. Na kabla ya kutoboa chuma piga pointi kwa nyundo. Biti haijui unataka ianzie wapi.

Drili inanuka kabla kazi haijaisha

Mwulize mwenye drili alikuwa akifanya nini, atakwambia alikuwa anakoroga. Rangi, gundi ya vigae, jipsamu. Fimbo ya kukorogea kwenye drili ya wati 500 ni mateso, kwa sababu kazi ni nzito na mtu hubonyeza swichi nusu ili isirushe matope. Mwendo nusu, mzigo kamili, upepo wa feni karibu hakuna. Kutoboa tundu kubwa kwa biti ya duara, zile za kutolea matundu ya vitasa, kuna shida hiyo hiyo.

Ukisikia joto kwenye mwili wa drili, usiizime ghafla uiweke chini, joto lililomo kwenye koili (nyaya zilizosukwa ndani ya mota) litabaki humo humo. Ondoa mzigo, iwashe kwa mwendo wote ikiwa tupu dakika moja au mbili, feni iipoze. Kwa gundi ya vigae, koroga kiasi kidogo kidogo au azima mashine ya mwenzako yenye gia.

Drili kama mashine ya kukerezea

Kwa mipini ya patasi na tupa, miguu mifupi ya stuli, vitu vya unene wa mkono wa mtoto, drili iliyolazwa na kufungwa mezani inakereza vizuri. Ila kumbuka inasukumwa ubavuni, jambo ambalo haikuwahi kuambiwa. Dalili ya kwanza ni mbao kutetemeka kwenye ncha ya mbali. Usikereze kitu kinachoning'inia: upande wa pili uwe na bolti iliyochongwa ncha, inayozunguka kwenye beringi, ikishikilia katikati ya mbao.

Dalili ya pili ni chaki kulegea mpaka kuchomoka. Panua taya zote, chungulia ndani. Kwenye drili zinazozunguka pande mbili kuna skrubu chini kabisa inayoshikilia chaki, na nyuzi zake ni za kinyume: kulegeza unazungusha kuelekea kulia, kukaza kuelekea kushoto. Wengi huivunja kwa kutojua hilo. Kama haipo kabisa, usikereze kwa mwendo wa kinyume, chaki itakufuata.

Ikianza kutoa mlio wa kusaga hata bila mzigo, beringi au bushi ya mbele imekwisha. Ukifungua na kukuta beringi, soma namba yake ubavuni na ununue hiyo hiyo. Kwa vumbi hili letu, hasa Julai na Agosti upepo unapochachamaa, omba yenye herufi 2RS mwishoni, ina mpira pande zote mbili. Yenye ZZ ina kinga za bati, na vumbi jembamba hupenya.

Cheche ndani ya mashine

Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwenda kwenye amecha (sehemu ya mota inayozunguka), ni kawaida. Cheche zinazozunguka amecha nzima kama pete ya moto si kawaida. Toa kaboni: zikiwa fupi kuliko milimita 5 au 6, badilisha zote mbili pamoja. Zikiwa ndefu, angalia kama zinateleza kirahisi kwenye vikombe vyake, maana unga wa chuma ukichanganyika na vumbi huzinata. Kisha safisha shaba za amecha kwa msasa laini, na toa uchafu kwenye mifereji iliyo kati ya shaba moja na nyingine kwa ncha ya mswaki mgumu. Pima kwa maltimita upinzani kati ya shaba mbili zinazopakana, zunguka zote. Zinapaswa kufanana. Mbili zikitofautiana sana na wenzake, amecha imeungua, na kwa mashine ya bei nafuu kuisuka kunaweza kugharimu karibu sawa na mpya. Hapo ndipo mashine huwa ghala la vipuri: gia, swichi, beringi.

Kaboni mpya hazikai sawa siku ya kwanza. Iache mashine izunguke tupu dakika tano ndipo uipe kazi.

Umefunga rigaleta ya feni ipunguze mwendo, ikawaka moto

Rigaleta ya feni ya dari imetengenezwa kwa mzigo wa wati zisizofika mia. Grainda ni wati 700 au zaidi. Jibu liko hapo.

Rigaleta za kielektroniki zilizoandikwa wati 4,000 zinafanya kazi kwenye mota zenye kaboni, lakini chukua namba hiyo kama maneno ya muuzaji. Kipande cha alumini cha kuipozea ni kidogo mno kwa mzigo huo. Usiziweke kwenye pampu wala mashine ya mawe mawili isiyo na kaboni, hazitapunguza mwendo ipasavyo na mota itaungua. Vilevile usiziweke kwenye mashine iliyo na rigaleta yake ndani. Na ukipunguza mwendo umepunguza nguvu pia, kwa hiyo inafaa kung'arisha na kusugua kutu, haifai kukata. Wala isikupe hamu ya kufunga lile jiwe kubwa eti kwa sababu sasa inazunguka polepole. Mtoto akipita akageuza kitufe, tumerudi kule kwenye mita 132.

Jigisoo chini ya meza: msumeno unalala, mashine inakohoa

Kwa kukata mbao za mizinga ya nyuki, jigisoo, ile mashine yenye msumeno mwembamba unaopanda na kushuka, iliyogeuzwa kichwa chini chini ya plaiwudi inafaa kuliko watu wanavyodhani. Meno yake ya kawaida hukata ikivuta kuelekea kwenye mwili wake, kwa hiyo ikiwa chini inaivuta mbao ikae mezani, na vibanzi vinatokea upande wa chini, wa juu unabaki msafi.

Mkato ukilala, weka kitufe cha kubembea, kinachofanya msumeno uyumbe mbele na nyuma, kwenye sifuri kwanza, na usisukume kwenye mbao nene kwa pupa. Msumeno umeshikwa ncha moja tu. Kukohoa, yaani mota kukatakata, ni vumbi la mbao linaloingia kwenye matundu ya upepo, maana sasa linaanguka juu ya mashine badala ya mbali nayo. Nimeweka kipande cha chandarua kizito kama paa, sentimita chache kutoka kwenye matundu, na napuliza kila baada ya nusu saa. Ukikata mninga funga pua. Vumbi lake linawasha, na wengine linawatoa vipele.

Mashine imewaka yenyewe

Hii si dalili ya ubovu wa mota. Umefunga swichi ya msumeno wa duara kwa kamba ya plastiki ili msumeno huo, uliofungwa chini ya meza, ukae umewaka, umeme wa TANESCO ukakatika ukiwa katikati ya ubao, ukaenda kunywa chai. Umeme ukirudi, msumeno unarudi nao, hata kama mjukuu ndiye aliyesimama hapo.

Kata hiyo kamba leo. Kuna swichi za mezani zenye vitufe viwili, kijani na chekundu, ambazo umeme ukikatika zinajiachia zenyewe na haziwaki mpaka ubonyeze. Ni kitu pekee kwenye karakana yangu ambacho sikukitafutia njia mbadala ya bei rahisi. Ubao ukiungua kingo, pima reli ya pembeni iende sambamba na msumeno. Mara nyingi inajifunga upande wa nyuma. Kwa paini ya Mafinga, safisha utomvu kwenye meno kwa mafuta ya taa, msumeno ukiwa umeng'olewa.

Chuma kinageuka bluu kwenye jiwe

Rafiki yangu mmoja Mgogo anatengeneza ilimba, ile ala ya muziki ya vibao vya chuma ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliyoipeleka mbali nje ya nchi. Alianza kunolea vibao vyake kwa jiwe dogo lililofungwa kwenye drili. Baadhi vikaimba, vingine vikatoa sauti ya mti mkavu. Akafikiri chuma ni kibovu. Nilipovitazama, vile vibovu vilikuwa na doa la bluu kwenye ncha. Chuma kigumu kikifika joto la kama nyuzi 300 hugeuka bluu, na ugumu wake umeshaanza kuondoka. Patasi hupatwa na hilo pia, hunoleka vizuri halafu ikapoteza makali kwenye ubao wa kwanza.

Weka kikombe cha maji kando, gusa jiwe sekunde moja au mbili, chovya, rudia. Ukiona rangi ya majani makavu ya mtama umefika mpakani. Kibao kilichokwisha kuwa bluu, saga mpaka upite lile doa au anza kipya.

Stendi inakuwasha mkono

Mashine za mkononi nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba na waya wa nyaya mbili bila ethi, ule waya wa ardhini. Zinategemea plastiki yake. Ukiifunga kwenye stendi ya chuma, ukaigusa, ukahisi kuwashwa kidogo, usidhani ni baridi ya asubuhi. Mara nyingi ni unga wa kaboni na wa chuma uliojaa ndani mpaka umetengeneza njia ya umeme, au waya umesagika ulipopita kwenye bawaba.

Chomoa kwanza. Kagua waya sentimita kwa sentimita, hasa pale unapoingia kwenye mpini. Puliza ndani kwa kompresa ya mtu wa pancha, ukiwa umeelekeza matundu ya upepo chini. Stendi yenyewe iunganishwe na ethi ya nyumba, na soketi ya karakana iwe nyuma ya breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Ukifanya yote hayo na bado inawasha, ing'oe kwenye stendi, ukate plagi yake kabisa ili mwingine asiichomeke, kisha ufungue uchukue gia na beringi.

Yule kijana wa grainda alirudi jioni. Alikuwa amepata bolti ya milimita 12, akaniomba tu nimsaidie kupima skwea.